Bwana Msa, mpelelezi asiye na pingu

"Mwizi!" Kilio hicho kikisikika Kibera au Kawangware, mara nyingi kesi huamuliwa njiani kabla ya yeyote kuuliza kilichoibwa ni nini na nani aliyeona. Umati una mshtaki, hakimu na mawe, hauna mpelelezi.

Fasihi ya Kiswahili ilimpata mpelelezi huyo zamani. Mwanahabari wa Zanzibar, Muhammed Said Abdulla, alishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki la 1957-58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyochapishwa mwaka 1960. Shujaa wake, Bwana Msa, ni raia mwenye kiko mdomoni. Hana cheo wala mshahara wa serikali, ila Inspekta Seif mwenye cheo humsikiliza. Mtu anapouawa penye mzimu, jambo jepesi ni kuwasingizia mashetani. Bwana Msa hutafuta mkono wa binadamu.

Wahakiki wamemwona Sherlock Holmes, aliyezaliwa vitabuni mwaka 1887, nyuma ya kiko hicho. Hawakukosea, lakini siri zenyewe ni za Uswahilini kabisa: koo, ndoa, urithi, na watoto wasiojua wazazi wao.

Mvuto wake kwa msomaji wa Nairobi hauhitaji darubini. Vyumba vya Laini Saba au Gatina hutenganishwa na mabati au udongo, na jirani husikia kila kitu. Mama mboga, mchuuzi wa maji na fundi wa viatu wanajua nani alirudi saa nane za usiku akiwa na mzigo. Wanajua, lakini hawasemi. Shahidi atarudi kulala hatua chache kutoka kwa mshukiwa. Sheria ya kuwalinda mashahidi ilitungwa mwaka 2006, ila mlango wa shahidi ni ule ule wa mabati. Askari naye huogopwa: malalamiko dhidi ya polisi ndiyo yaliyoifanya Kenya iunde mamlaka huru ya kuwachunguza, kwa sheria ya mwaka 2011. Hapo ndipo mtu asiye na sare anapopata thamani. Huketi, hunywa chai, huwajulia hali watoto, na habari humjia zenyewe. Miss Marple wa Agatha Christie, aliyepata riwaya yake ya kwanza mwaka 1930, hufanya vivyo hivyo akifuma sufu, wala hakuna anayemdhania lolote.

Waliomfuata Bwana Msa walipenda zaidi bastola. Willy Gamba wa Elvis Musiba ni jasusi wa serikali. Nchini Kenya, kitabu mashuhuri cha John Kiriamiti cha mwaka 1984 kinasimuliwa na jambazi mwenyewe. Ni vitabu vya mbio, na vina wapenzi tele, lakini raha yake si ya kukisia.

Msomaji wa Bwana Msa hushindana naye kukisia hadi ukurasa wa mwisho. Hata kukosea kumo: mwaka huo huo wa 1984 Abdulla alitoa Kosa la Bwana Msa. Mpelelezi wa ridhaa akikosea, hurudi nyuma na kuuliza upya, na mshukiwa bado yu hai kumjibu.