Kinubi cha Daudi na Mkuki wa Sauli



Wapendwa wasikilizaji, leo tutafakari pamoja juu ya kipaji ambacho Mungu ametujalia, nacho ni muziki. Twajiuliza: je, wimbo waweza kuituliza roho iliyofadhaika? Na je, waweza kuigeuza?

Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 16, chasimulia jinsi mfalme Sauli alivyosumbuliwa na roho mbaya. Watumishi wake walimtafutia mpiga kinubi, na kila Daudi alipopiga, Sauli alipata nafuu. Jambo hili lisitushangaze. Mwenye hasira au hofu hupumua upesi upesi. Aimbapo hana budi kuvuta pumzi ndefu na kuitoa polepole. Na mwili ukitulia, mawazo nayo hupata nafasi ya kutulia. Waimbapo wengi, hupumua pamoja, na aliyekuwa mpweke hujiona yumo miongoni mwa ndugu.

Lakini tusiifunge Biblia mapema. Katika sura ya 18, baada ya Goliathi kuuawa, wanawake walitoka wakiimba kwa matari, wakampa Daudi sifa kupita mfalme. Wimbo ule wa furaha ulimtia Sauli wivu. Kesho yake Daudi alipiga kinubi kama ilivyokuwa desturi yake, naye Sauli akamtupia mkuki. Mpigaji ni yule yule, na msikilizaji ni yule yule. Kilichobadilika ni moyo. Muziki uliweza kumtuliza Sauli, lakini haukuweza kumwondolea wivu ambao yeye mwenyewe aliukumbatia.

Hapa ndipo penye somo letu. Ni mara ngapi tumesimama bega kwa bega katika kwaya, sauti zetu zikipatana vizuri, kisha tukatoka kanisani bila kusalimiana? Mtakatifu Augustino alitokwa na machozi kwa nyimbo za Kanisa la Milano, ambako Mtakatifu Ambrosi aliwafundisha waamini kuimba wakati wa dhuluma ya mwaka 386. Hata hivyo, katika kitabu chake cha Maungamo, alikiri kwamba ni kosa kuguswa na uimbaji kuliko kile kinachoimbwa.

Basi tufanyeje? Kwanza, tuanzie pale moyo ulipo. Zaburi ya 13 huanza kwa malalamiko na kuishia kwa wimbo, hairuki machozi. Kwa hiyo twendapo msibani, tusimharakishe mfiwa kwa nyimbo za shangwe. Mithali 25:20 yamfananisha afanyaye hivyo na mtu avuaye nguo wakati wa baridi. Pili, tuyatafakari maneno tuyaimbayo, tukijiuliza kama tunayakubali. Makatekista wawasaidie watoto kuyaelewa kabla ya kuwafundisha sauti. Tatu, wimbo uzae tendo. Ukiimba juu ya amani, kamtafute yule uliyekosana naye kabla jua halijatua.

Tuwatazame Paulo na Sila gerezani Filipi, katika Matendo ya Mitume sura ya 16. Walikuwa wamepigwa, na miguu yao imefungwa kwa mkatale. Hata hivyo, usiku wa manane waliimba. Tetemeko likaja, milango ikafunguka. Mlinzi, akidhani wafungwa wametoroka, akauchomoa upanga ajiue. Ndipo Paulo akapaza sauti kumzuia, na mtu yule aliyewafunga akaokoka, yeye na nyumba yake.

Ndugu wapendwa, hapo twaona tofauti. Sauli aliusikia muziki, mkuki ukiwa mkononi mwake. Paulo aliimba, kisha akamwokoa adui yake. Nasi, tuimbapo leo, tuiachie kwanza mikuki yetu mlangoni, ili nyimbo zetu zipate njia ya kuingia mioyoni.

Amani ya Bwana iwe nanyi daima. Amina.