Mashine Darasani: Je, Mtoto wa Lindi Yumo Katika Hesabu?

KILA zama na kitabu chake, walisema wahenga. Kitabu cha zama zetu kina taa ndani yake: ni kompyuta, kishikwambi na simu ya mkono. Wako wanaotuambia kwamba siku si nyingi mashine hizi zitafanya kazi ya mwalimu, tena kwa bei nafuu. Kabla ya kuwapigia makofi, yafaa tuzuru Lindi, kimoja cha vijiji vya Kibera jijini Nairobi, tukaulize kama mtoto wa huko amehesabiwa.

Lindi hii si ule mji wa pwani ya kusini mwa Tanzania. Hapa nyumba za udongo na mabati zimebanana, na katikati yake zimo shule zilizoanzishwa na makanisa, mashirika na watu binafsi. Nyingi ni za mabati vilevile, na kinachosomwa darasa hili husikika darasa la pili. Serikali ilipotangaza elimu ya msingi bila malipo mnamo Januari 2003, shule za umma za Kibera, kama vile Olympic na Ayany, zilifurika watoto. Hata hivyo nafasi hazikutosha, na watoto wengi wakabaki katika hizo shule za kijijini, ambako mzazi hulipa karo kidogo kidogo kadiri anavyopata kibarua.

Sasa tazama yaliyofuata. Mwaka 2013 wanasiasa waliahidi kwamba kila mtoto anayeingia darasa la kwanza katika shule ya umma angepewa kompyuta ya kupakata. Baada ya mivutano ya zabuni, mwaka 2016 vilianza kugawanywa vishikwambi, na hatimaye zaidi ya milioni moja vikafika mashuleni. Lakini vilipelekwa shule za umma pekee. Hivyo watoto wawili wa ploti moja, wanaochota maji bomba moja, waliachana njia panda: mmoja akakigusa kishikwambi, mwenziwe akakisikia kwa masimulizi. Na hata huko vilikofika, baadhi vilikaa kabatini chini ya kufuli, kwa kuwa stima haikuwa ya kutegemewa au mwalimu hakufunzwa vya kutosha namna ya kuvitumia.

Mashine darasani si jambo geni kwetu. Enzi za Sauti ya Kenya, masomo ya redio yaliyotayarishwa na Taasisi ya Elimu ya Kenya yalisikika mashuleni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulifanywa mradi mmoja wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa matatu ya kwanza. Mtangazaji aliuliza swali, akanyamaza kidogo, watoto wakajibu kwa pamoja, kisha redio ikatoa jibu. Mwalimu hakuketi kando akisinzia. Aliandika ubaoni, akawaelekeza watoto, akamwinua aliyekwama. Watoto hao walipopimwa, walionekana kuwapita wenzao waliofundishwa bila redio. Mradi ulipokwisha mwaka 1985, masomo hayo hayakupata kuenea nchi nzima, ingawa Lesotho iliyachukua na kuyatumia kwake.

Wengine walikwenda mbali zaidi. Zambia, kuanzia mwaka 2000, ilipeleka masomo ya redio kwa watoto wasiokuwa na nafasi katika shule za kawaida, wakisimamiwa na mtu wa hapo hapo kijijini. Unguja na Pemba nako, kuanzia mwaka 2006, watoto wadogo waliokosa shule za maandalizi walikusanyika kusikiliza kipindi cha Tucheze Tujifunze, wakiongozwa na walezi waliotoka miongoni mwa jirani zao. Huko redio ilimfuata mtoto alipo. Haikumngoja apate kwanza sare na dawati.

Mtihani mkubwa ulikuja Machi 2020, shule zote za Kenya zilipofungwa kwa ajili ya korona. Masomo yalitangazwa katika redio, televisheni na intaneti, na jitihada hiyo yastahili sifa. Lakini katika chumba kimoja cha kupangisha, simu ya pekee huenda kazini na mama alfajiri, na fedha za kununua data hushindana na unga. Kilichosaidia baadhi ya watoto kilikuwa kidogo zaidi: maswali ya masomo yanayoletwa kwa ujumbe mfupi, hata kwenye simu ya kawaida kabisa. Wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021, na baadhi ya shule za mitaani hazikufunguliwa tena.

Leo imekuja akili mnemba, mashine inayojibu swali kana kwamba ni mtu. Hapana shaka itamfaa mwalimu mwenye watoto themanini mbele yake, katika kutunga mazoezi na kusahihisha. Lakini haitatambua kwamba mtoto wa kiti cha nyuma amenyamaza kwa sababu jana hakula. Hilo ataliona mwalimu, na mwalimu wa shule ya mabati ndiye anayelipwa kidogo kuliko wote, mara nyingine halipwi kabisa.

Basi wakuu wa elimu watakapoketi kupanga mashine za kesho, na waanze na daftari la majina. Shule za Lindi ziandikwe humo pamoja na za umma, walimu wake waitwe kwenye mafunzo, na stima ifike kabla ya kishikwambi. Maktaba ya umma ya Kibera iliwahi kuonyesha kwamba vishikwambi vichache vinavyotumiwa kwa zamu vyaweza kuwafaa watoto wengi. Kinachotakikana kwanza ni kukubali kwamba mtoto anayesoma nyuma ya mabati naye ni mwanafunzi wa Kenya.