Je, Wajua? Mkanda wa Mbwa kwa Jioni za Dodoma

Jua limepoa, vumbi limetulia, mbwa yuko getini anatikisa mkia. Kabla hujatoka naye, je, wajua kwamba…

Giza la Dodoma halichelewi? Mwaka mzima jua huzama takriban kati ya saa 12:30 na saa 1:00 jioni, na ndani ya nusu saa giza limeshika. Ukimtoa mbwa baada ya kazi, chagua mkanda utakaoonekana wakati wa kurudi.

Mkanda wa kahawia au mwekundu hupotea kwenye udongo wa mitaa yetu? Mchana, jicho la binadamu hunasa upesi zaidi njano inayoelekea kijani.

Mbwa mwenyewe haoni wekundu huo? Macho yake hutofautisha bluu na njano. Nyekundu kwake hufifia ikawa kama kahawia. Rangi ya mkanda basi ni kwa ajili ya dereva wa bodaboda na mpita njia.

Kizibao cha reflekta kina kazi mbili? Kitambaa chake cha njano hung'aa mchana na jioni kwa kugeuza miale ya jua isiyoonekana kuwa mwanga unaoonekana. Usiku kitambaa hicho hakisaidii kitu. Mistari ya rangi ya fedha ndiyo ya usiku: huurudisha mwanga wa taa kulekule ulikotoka, yaani kwa dereva. Kizibao kikichakaa, kata mistari hiyo, mpe fundi cherehani aishone pande zote mbili za mkanda, maana mkanda hujipindapinda mbwa akitembea.

Mkanda wa kiti cha gari unafaa? Ni wa poliesta, imara, na una upana wa karibu sentimita 5. Ukunje katikati, fundi viatu aushone: unapata mkanda wa karibu sentimita 2.5, unaojaa kiganja na kumtosha mbwa mkubwa. Mbwa mdogo mpe wa sentimita 1 hadi 1.5, na kulabu nyepesi isiyomlemea shingo.

Kamba nyembamba ya nailoni huunguza kiganja? Mbwa akichomoka kumfuata paka, msuguano humenya ngozi. Usiizungushe vidoleni pia, kwani inaweza kuvivunja.

Kamba ya katani ibaki kufungia mizigo? Mkonge, mmea unaotoa katani, uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na ni miche 62 tu iliyofika hai. Nyuzi zake zina nguvu, lakini hukwaruza mkono na shingo. Mnyororo nao ni mzito, na ukiachwa juani huwaka moto.

Ngozi haipendi hewa yetu kavu? Kwa wastani Dodoma hupata mvua isiyofika milimita 600 kwa mwaka, nyingi kati ya Desemba na Aprili. Kiangazi, paka mkanda wa ngozi mafuta, usije ukapasuka.

Mbigili hung'ang'ania mkanda wa pamba? Pamba ni laini mkononi, ila ikiburutwa kwenye majani makavu huzoa miiba. Ikung'ute kabla ya kuishika.

Panya buku nao hufungwa mkanda? Wale wanaofunzwa na shirika la APOPO mjini Morogoro kunusa mabomu ya ardhini huvalishwa mkanda wa kifuani. Mmoja wao, Magawa, alipewa medali ya dhahabu ya shirika la wanyama la PDSA la Uingereza mwaka 2020. Mbwa anayevuta sana naye afungwe kifuani, koo lipumzike. Akivaa kola, vidole viwili vipite chini yake.

Mkanda wa urefu wa mita 1.5 hadi 1.8 unatosha? Ukipishana na watu, hasa wanaoelekea msikitini, fupisha mkanda na mhamishie mbwa upande wa pili. Kwa madhehebu ya Shafii, kilichoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo.

Mkanda si chanjo? Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na mbwa. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Usiingoje: muulize afisa mifugo wa kata yako lini mbwa wako anatakiwa kuchanjwa tena.