"Jambo Bwana" Haina Kesi ya Kujibu

Kuna mshtakiwa mmoja ambaye walimu wa Kiswahili hatuchoki kumshtaki. Kila tukutanapo kusahihisha mitihani au kuhudhuria semina, hakosekani mmoja wetu wa kumpandisha kizimbani: wimbo "Jambo Bwana" wa bendi ya Them Mushrooms. Shtaka ni lile lile. Eti wimbo huo ndio uliowafunza watalii kusema "jambo" pale walipopaswa kusema "hujambo", nao watalii wakaja kuwaharibu watoto wetu.

Naomba leo kumtetea mshtakiwa huyu.

Kwanza, tumjue. Them Mushrooms ilianzishwa Mombasa mwaka 1972 na ndugu wa familia moja: Teddy Kalanda Harrison, Billy Sarro, George Zirro, John Katana na Dennis Kalume. Walianza na rege, lakini riziki ya mwanamuziki wa Pwani zamani hizo ilikuwa katika hoteli za ufuoni, mbele ya Wazungu waliokuja kuota jua. Mle ndani walipiga kila walichoagizwa, chakacha ikiwamo. Kalanda, kiongozi wao, akaitazama hadhira yake na kuitungia wimbo uliofungasha maneno machache ambayo mgeni angeweza kuyakariri kabla hajarudi kwao: salamu, jibu la salamu, karibu, na ile "hakuna matata". Santuri ilitoka mwaka 1982. Mwaka uliofuata Boney M, waliokwisha kuiimba "Malaika", wakarekodi toleo lao huko Ujerumani. Mombasa Roots na Safari Sound Band nao wakauimba, na wimbo ukaenea duniani kuliko jina la aliyeutunga.

Sasa tulitazame shtaka lenyewe. Ni kweli kwamba "hujambo" na "jambo" si kitu kimoja. Katika "hujambo" tuna kiambishi "hu-", kikanushi cha nafsi ya pili umoja, na nomino "jambo". Anayekuamkua hivyo anakuuliza kama huna jambo, yaani kama hapana lililokusibu. Nawe wajibu "sijambo", sina lililonisibu. Ndiyo maana twasema mgonjwa hajambo kidogo, tukimaanisha kwamba amepata nafuu. Mtu akiking'oa kile kikanushi, kwa mantiki kavu ya sarufi anakuwa amegeuza maana juu chini: anakutangazia kwamba kuna jambo! Hapa walimu wenzangu wana hoja.

Hoja hiyo, hata hivyo, haimfikii Kalanda. Henry Morton Stanley, katika kitabu chake cha mwaka 1872 kuhusu safari ya kumtafuta Livingstone, anasimulia jinsi watu wa Ujiji walivyompokea kwa kelele za "yambo". Hiyo ni zaidi ya miaka mia moja kabla ya santuri yetu. Salamu iliyokatwa kichwa ilikuwa imekwisha kutembea na misafara ya wapagazi kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika, ikitumiwa na watu wa makabila mengi waliohitaji neno fupi la kuelewana. Na haikufa huko. Nenda Bukavu, Goma au Lubumbashi leo, utawasikia watu wazima, Wakongo kwa Wakongo, pasipo mtalii hata mmoja, wakiamkuana kwa "jambo". Je, na hao tutawapeleka kizimbani?

Tena ipo "mambo". Vijana wetu wa vyuo vikuu, hao hao wanaomcheka mgeni kwa "jambo" lake, huamkuana kutwa kucha kwa "Mambo?" na kujibizana "Poa". Mambo ni nini ila wingi wa jambo, bila kikanushi chochote?

Lakini ushahidi unaonitosha nimeupata Bokoli, mbali kabisa na ufuo wa bahari. Mara moja moja gari la wageni waelekeao Kitale na Mlima Elgon hupitia huku, na watoto hulikimbilia wakipiga kelele za "Jambo!" Watoto hao ndio walioitikia "Hatujambo, mwalimu" darasani asubuhi, na ndio watakaofika nyumbani jioni wamwambie nyanya yao "Mulembe", neno la Kibukusu ambalo maana yake ni amani. Sijamsikia hata mmoja akimwambia nyanya yake "jambo". Wana salamu tatu kwa wasikilizaji watatu, wala hawazichanganyi. Sisi wanaisimu tunauita ujuzi huo umilisi wa mawasiliano, na wanafunzi wangu huhangaika nao muhula mzima kwenye karatasi. Mtoto wa darasa la tatu anao bila kuujua.

(Kwa njia, jina lenyewe la bendi, Them Mushrooms, limevunja sarufi ya Kiingereza cha shuleni waziwazi. Sijapata kumwona mwalimu wa Kiingereza akiwaandama kwa hilo. Baadaye walijiita pia Uyoga, jina lisilo na doa la kisarufi, lakini watu wakashikilia lile la kwanza.)

Kinachoniuma mimi ni kingine. Kampuni ya Disney ilipotoa filamu ya "The Lion King" mwaka 1994, iliomba kuisajili "Hakuna Matata" huko Marekani kuwa alama ya biashara ya mavazi, ikakubaliwa mwaka 2003. Mwishoni mwa 2018 habari hiyo ilizuka upya, na watu wengi wakatia saini malalamiko kwamba lugha yetu imeibwa. Hasira ile naielewa. Hata hivyo, alama ya biashara haimzuii mtu kusema, na maneno "hakuna matata" hayakuwa ya Disney, wala ya Kalanda, wala yangu: ni ya kila asemaye Kiswahili. Mali yenye mwenyewe ilikuwa wimbo. Ulipigwa katika kila hoteli, ukarekodiwa na kila aliyetaka, na wengi wa walioucheza wakidhani ni wimbo wa jadi usio na mtunzi. Juu ya hilo sikusikia kelele za kiasi kile. Tulililia neno lisiloweza kumilikiwa, tukamsahau mtu aliyekuwa na haki ya kudai.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wa Bungoma na Trans Nzoia, na kwingineko. Mnapofundisha ukanushaji, upigeni wimbo huu darasani. Waacheni wanafunzi wakitafute kile kikanushi kilichodondoka, wakirudishe katika nafsi zote sita, kisha wajadili kwa nini mtunzi aliyekulia Pwani aliamua kukiacha. Na ubaoni, chini ya jina la wimbo, andikeni kama tunavyoandika chini ya shairi la Shaaban Robert: Teddy Kalanda Harrison, Mombasa, 1982.