Ukuta usioonekana kwenye ramani haujabomolewa

Na Mwandishi Wetu, Tunduma

MGENI anayefika Tunduma kwa mara ya kwanza huvutiwa na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, upande wa pili wa mpaka, nchini Zambia. Mwenyeji hutazama pia majengo. Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya, na mwaka 2019 Kituo cha Pamoja cha Huduma Mpakani kilizinduliwa hapa. Katika mji wa biashara kama huu, mwenye kiwanja hafikirii nyumba ya kuishi tu. Hufikiria fremu za maduka, ghala au nyumba ya kulala wageni.

Kila jengo la namna hiyo huanza na karatasi ambayo wengi wetu huiita ramani. Zamani ramani ilichorwa kwa penseli na rula, mstari mmoja baada ya mwingine. Siku hizi wabunifu wengi hutumia programu za kompyuta zinazojenga modeli ya jengo zima kabla tofali la kwanza halijawekwa. Miongoni mwa zinazojulikana ni ArchiCAD, iliyoanzia Hungary katika miaka ya 1980, na Revit, iliyoingia sokoni mwaka 2000 na kununuliwa na kampuni ya Autodesk ya Marekani mwaka 2002.

Makala hii inaeleza jambo moja katika Revit ambalo mwenye jengo na fundi wanapaswa kulifahamu, hata kama hawatagusa kompyuta maishani mwao: namna ukuta unavyoweza kuonekana katika mchoro mmoja na kutoonekana katika mwingine, ilhali ni ukuta uleule.

Ukuta mmoja, macho mengi

Katika programu ya modeli, mbunifu hachori mistari miwili na kuiita ukuta. Huweka ukuta wenyewe, wenye urefu, kimo, unene na tabaka zake: tofali katikati, lipu pande zote mbili. Kutokana na modeli hiyo moja, kompyuta hutoa michoro mingi: ramani ya kila ghorofa, sura ya mbele, mkato unaoonyesha jengo kana kwamba limepasuliwa kwa msumeno, na majedwali ya vifaa. Kila mmoja wa michoro hiyo huitwa mwonekano.

Lori linalopita mpakani ni mfano mzuri. Ofisa wa forodha huangalia mzigo, wa uhamiaji huangalia pasipoti ya dereva, na wa afya huangalia cheti cha chanjo. Lori ni moja, lakini kila ofisa hujaza fomu yake kwa kile kinachomhusu. Vivyo hivyo kila mwonekano una masharti yake: nini kionekane, kwa mstari mnene au mwembamba, kwa rangi ipi. Kubadili masharti ya mwonekano mmoja hakubadili modeli wala mwonekano mwingine.

Kwa nini mbunifu afiche ukuta? Sababu za halali ni nyingi. Fundi umeme anahitaji kuona swichi na taa kwa uwazi, hivyo kuta hufifishwa ziwe kijivu. Mwenye jengo anataka kuona ndani ya sebule katika picha ya pande tatu, hivyo ukuta wa mbele huondolewa machoni. Tatizo huanza pale mchoro ulioandaliwa kwa kazi moja unapochapishwa na kukabidhiwa mtu wa kazi nyingine.

Njia za kuamuru ukuta uonekane vipi

Njia ya kwanza ni ya jumla. Ndani ya mwonekano, mbunifu akibonyeza herufi V kisha G, hufunguka dirisha lenye orodha ya aina zote za vitu: kuta, milango, madirisha, ngazi. Akiondoa alama ya vema mbele ya kuta, kuta zote hutoweka katika mwonekano huo pekee. Hapohapo anaweza pia kubadili unene na rangi ya mistari yake.

Njia ya pili ni kichujio. Hapa mbunifu huweka sharti, kwa mfano kuta zote zenye unene wa milimita 150, au zote zilizoandikwa kuwa za kuzuia moto, zipakwe rangi nyekundu. Ubora wa kichujio ni kwamba ukuta mpya ukiongezwa kesho na ukatimiza sharti hilo, nao utafuata bila kuguswa.

Njia ya tatu ni ya mkono: kuchagua ukuta mmoja na kuuficha au kuubadili sura. Ni ya haraka, na ndiyo yenye hatari zaidi. Amri inayotolewa kwa ukuta mmoja hushinda ile ya kichujio na ile ya jumla. Tena, haimo katika kiolezo cha mwonekano, yaani mkusanyiko wa masharti unaohifadhiwa ili michoro yote ya aina moja ifanane. Hivyo mbunifu anaweza kutumia kiolezo kizuri kabisa na bado ukuta uliofichwa kwa mkono ukabaki umefichwa.

Ipo pia njia ya muda, kwa kubonyeza H mara mbili. Huzungushia mwonekano fremu ya rangi kama onyo, na haihifadhiwi faili linapofungwa. Kwa anayetaka kuchungulia tu nyuma ya ukuta, hiyo ndiyo salama.

Wakati mwingine hakuna aliyeficha

Si kila ukuta unaokosekana umefichwa na mtu. Ramani ya ghorofa ni mkato wa ulalo, ambao kwa kawaida ya programu hupita milimita 1,200 juu ya sakafu. Ukuta unaofika juu ya kimo hicho huchorwa kwa mistari minene kama kitu kilichokatwa. Ulio chini yake, kama ukuta mfupi wa baraza, huonekana kwa mistari myembamba kana kwamba unatazamwa kutoka juu. Zaidi ya hapo, programu haiukati ukuta wenye kimo chini ya mita 2, hata kama mkato unaupitia.

Kiwango cha undani nacho huamua. Katika kiwango cha chini ukuta huonekana kama mistari miwili tu. Katika kiwango cha kati na cha juu tabaka za tofali na lipu hujitokeza. Anayepima unene wa tofali kwenye mchoro wa kiwango cha chini anapima tofali pamoja na lipu.

Kisha kuna awamu. Tuchukulie mwenye fremu mbili anataka kuziunganisha ziwe duka moja. Ukuta uliopo, unaobomolewa na mpya hupewa awamu tofauti, na kwa kawaida unaobomolewa huchorwa kwa mistari ya vipandevipande. Mwonekano ukiwekewa awamu isiyo sahihi, fundi anaweza kupewa karatasi isiyoonyesha tofauti kati ya ukuta wa kuvunja na wa kubaki.

Gharama yake

Hapo ndipo suala hili linapoacha kuwa la ofisini. Katika majengo mengi ya tofali yasiyo na nguzo za zege, ukuta ndio unaobeba kenchi na bati. Mkoa huu uko katika Bonde la Ufa, jirani na Ziwa Rukwa, ambako Desemba 13, 1910 lilitokea tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa takriban 7.4. Ukuta unaobeba mzigo si wa kuondolewa kwa kubahatisha.

Upo pia upande wa mfuko. Ukuta uliofichwa katika mwonekano bado uko katika modeli, na jedwali la vifaa huendelea kuuhesabu. Mwenye jengo anaweza kununua tofali za ukuta ambao fundi hauoni kwenye karatasi yake, akadhani ameibiwa.

Kwa mbunifu, kinga ipo. Chini ya kila mwonekano kuna alama ya globu ya taa. Ukiibofya, vyote vilivyofichwa humo hujitokeza kwa rangi tofauti. Kuibofya kabla ya kuchapisha ni kazi ya sekunde chache.

Kwa mwenye jengo, kinga ni kuuliza. Linganisha ramani ya ghorofa na mkato wake: kila ukuta uliopitiwa na mstari wa mkato uonekane katika michoro yote miwili. Hakikisha karatasi aliyonayo fundi ni ileile iliyopata kibali cha halmashauri. Na mtumie mbunifu aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika zama hizi za kompyuta, ufa wa kwanza unaweza kuwa kwenye karatasi, na huko kuuziba hakuhitaji saruji.