Anayetaka kujiua: Muulize, usimkemee



Ndugu msomaji, Uislamu umeharamisha mtu kujiua, na hakuna Muislamu asiyelijua hilo. Lakini tumelifanya kuwa neno lisilotamkwa majumbani mwetu. Mgonjwa naye anaijua haramu hiyo, ndiyo maana anaficha hadi dakika ya mwisho. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 ni sababu ya tatu ya vifo.

Sisi matabibu wa zahanati ni nadra kuletewa mtu anayesema “nataka kufa”. Huja akilalamika kichwa, moyo kwenda mbio, usingizi hauji, chakula hakipiti. Akipimwa malaria hana. Nyumbani wanasema ana mawazo mengi, au amepandwa na jini. Utamuona anajitenga, anaacha jamaa aliyokuwa haikosi, anagawa vitu vyake, anaaga kama msafiri. Watu husema imani yake imepungua. Je, Nabii Yaqub (a.s.), aliyepofuka kwa huzuni ya mwanawe, imani yake ilikuwa ndogo?

Basi ukiziona dalili hizo, muulize. Kaa naye faragha na umwambie waziwazi: “Mwanangu, nakuona umeelemewa. Umefika mahali pa kufikiria kujiua?” Wengi huogopa kuwa swali hilo litampa wazo ambalo hakuwa nalo. Si kweli, na WHO wenyewe wanasisitiza hivyo. Wazo likiwepo, kuulizwa humpunguzia mzigo, na lisipokuwepo atakujibu hapana na mazungumzo yataendelea. Akikiri, usianze kumsomea adhabu za akhera. Msikilize. Usimwache peke yake hata kidogo, na mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Kisomo cha ruqya hakigombani na hospitali, kwani Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu.

Jambo jingine ni la nyumbani kabisa. Sumu za shambani, za panya, na dawa zote za hospitali zifungiwe mahali, ufunguo awe nao mtu mwingine. Utasema aliyedhamiria atatafuta njia nyingine. Mara nyingi sivyo, kwa sababu msukumo wa kujiua huja kama wimbi, hupanda kisha hushuka, na anayekosa njia saa ile huenda akapona. Sri Lanka ilipopiga marufuku sumu kali za mashambani, hasa kuanzia miaka ya 1990, vifo vya kujiua vilipungua kwa zaidi ya nusu.

Utauliza, mimi si daktari, nitaweza nini? Zimbabwe wana madaktari wachache mno wa magonjwa ya akili. Mwaka 2006 Dakta Dixon Chibanda alianza kuwafundisha mabibi wa mtaa wa Mbare, Harare, kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, kuwasikiliza na kuchagua nao tatizo moja la kulishughulikia kwanza. Wao huuita ugonjwa huo kwa neno lenye maana ya kufikiri kupita kiasi, ambayo ndiyo “mawazo mengi” yetu. Utafiti wa watu 573 uliotolewa mwaka 2016 ulionesha kuwa baada ya miezi sita, waliokaa na mabibi hao wenye dalili za sonona walikuwa wachache sana kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hadi Zanzibar.

Misikiti yetu inao watu wa namna hiyo. Kamati ichague wawili watatu, wanawake wakiwemo, wanaojulikana kwa kutunza siri (wasemaji sana tuwaache kwenye harusi). Mualikeni mhudumu wa zahanati baada ya Isha awafundishe dalili na wapi pa kumpeleka mgonjwa. Kazi kubwa ni kufuatilia. Aliyejaribu akanusurika yumo hatarini zaidi katika wiki na miezi inayofuata, wakati ambapo wageni wameacha kuja. Dawa za sonona nazo huchukua wiki mbili hadi nne kuonesha nafuu, hivyo asiziache siku ya tano kwa kuona hazifanyi kazi, na azitunze mtu mwingine wa nyumbani.

Wengine huficha kwa kuogopa polisi. Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kuwa kumshitaki aliyejaribu kujiua kunapingana na katiba. Popote ulipo, matibabu yatangulie.

Ama ikiwa qadar imeshapita, wanazuoni walio wengi wanasema maiti huyo huoshwa, huswaliwa na kuzikwa katika makaburi ya Waislamu, hata kama imamu mkubwa atajizuia kumswalia. Na ambaye akili ilimtoka, kalamu imeinuliwa kwake. Nendeni mkawape mkono wa taazia na chakula kama wafiwa wengine, na mjane au mzazi aliyebaki muanze kumtembelea wiki hiyo hiyo, kwani naye sasa ni wa kuangaliwa.