Reli ya kisasa yaipita Bariadi kando: Wenye pamba wapiga hesabu

WAFANYABIASHARA wa pamba mkoani Simiyu wana jambo moja wanalolijadili kila msimu wa ununuzi unapokaribia, nalo si bei ya kilo peke yake. Ni gharama ya kuyafikisha marobota katika bandari ya Dar es Salaam, na iwapo reli mpya ya kisasa, maarufu kwa jina la SGR, itawapunguzia mzigo huo au itawapita tu kama mgeni asiyepiga hodi.

Mkataba wa kujenga kipande cha Mwanza hadi Isaka, chenye urefu wa kilometa 341 pamoja na njia za kupishania, ulitiwa saini Januari 2021 kati ya Shirika la Reli Tanzania (TRC) na kampuni mbili za China, CCECC na CRCC, kwa gharama ya zaidi ya shilingi trilioni tatu. Jiwe la msingi liliwekwa na Rais Samia Suluhu Hassan huko Fela, wilayani Misungwi, Juni mwaka huo huo. Hadi mwaka 2025 kipande hicho kilikuwa bado kinajengwa, wakati abiria wa Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma walikwishaanza kusafiri kwa treni ya umeme yenye mwendo wa kilometa 160 kwa saa tangu katikati ya mwaka 2024.

Njia iliyochaguliwa inafuata kwa karibu reli ya zamani ya Tabora hadi Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1928. Kwa maana hiyo mkoa wa Simiyu unaguswa pembeni tu, katika wilaya ya Maswa, eneo la Malampaka. Makao makuu ya mkoa, Bariadi, yako mbali na reli leo kama yalivyokuwa enzi za Mwingereza. Itilima, Meatu na Busega nazo hazipitiwi.

Wapo wanaosema huo ni uonevu kwa mkoa unaoongoza nchini kwa kilimo cha pamba. Hoja yao ni kwamba reli ya zamani iliwekwa pale ilipowekwa kwa sababu za wakati ule, na kwamba fedha nyingi kiasi hiki zingestahili kufuata mazao yalipo sasa. Wanataka angalau tawi kutoka Malampaka kupitia Maswa mjini hadi Bariadi, na ikiwezekana lifike Lamadi kando ya Ziwa Victoria.

Hoja hiyo ina mvuto, lakini haina budi kupimwa kwa tani. Kilo tatu za pamba mbegu zikichambuliwa hutoa takriban kilo moja ya pamba nyuzi, na zinazobaki ni mbegu ambazo nyingi hukamuliwa mafuta na mashudu humu humu nchini. Msimu wa 2019/20, ambao ulikuwa mzuri, nchi nzima ilivuna tani 348,000 za pamba mbegu, yaani nyuzi kama tani 116,000. Msimu uliofuata mavuno yakaporomoka hadi tani 122,000 hivi, sawa na nyuzi tani 40,000 tu.

TRC imekuwa ikitangaza kuwa treni moja ya mizigo ya SGR inaweza kubeba hadi tani 10,000. Kwa hesabu hiyo, nyuzi zote za Tanzania za msimu mzuri ni treni zisizozidi kumi na mbili. Za msimu mbaya ni treni nne. Hata kama Simiyu ingehesabiwa kuwa na nusu ya pamba yote, tawi la kwenda Bariadi lingejaa kwa siku chache za mwaka na kuota majani siku zilizobaki. Hakuna mkopeshaji wa kutoa fedha kwa biashara ya namna hiyo, na pengine wanaolipigania tawi hilo wanalijua hilo.

Mzigo wa kudumu ungeweza kutoka kwenye madini. Nikeli ya Dutwa, wilayani Bariadi, imefanyiwa utafiti kwa miaka mingi bila mgodi kufunguliwa. Nikeli ya udongo kama ile kwa kawaida husafishwa kwa asidi nyingi, hivyo mgodi wake ungehitaji shehena kubwa za kuingia na kutoka mwaka mzima. Lakini kujenga reli kwa kungojea mgodi, na mgodi nao ukangojea reli, ni mchezo ambao Watanzania wameuona mara nyingi.

Liko pia wazo la reli ya Tanga, Arusha hadi Musoma, ambalo limezungumzwa tangu miaka ya 1970. Ugumu wake mkubwa ni Serengeti. Mwaka 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki mjini Arusha iliamua kuwa mpango wa barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa hifadhi hiyo ungekiuka Mkataba wa Jumuiya. Baada ya uamuzi huo, wengi wameitazama njia ya kusini, ambayo ingeleta reli katika ardhi ya Meatu, Itilima na Bariadi. Lakini huko nako kuna Pori la Akiba la Maswa, hivyo si njia nyeupe.

Kwa sasa, basi, swali la biashara liko Malampaka. Barabara ya lami ya Mwigumbi, Maswa, Bariadi hadi Lamadi imewapa wenye viwanda vya kuchambua pamba njia rahisi: lori linapakia kiwandani na kushusha bandarini, bila kugusa mzigo katikati. Tani 30 za lori lenye tela ni marobota kama 150 ya kilo 200. Ili reli ishinde, marobota hayo yapakiwe kiwandani, yashushwe Malampaka, yapakiwe tena kwenye behewa, kisha yashushwe Dar es Salaam. Kila kupakia na kushusha kuna malipo ya makuli, kuna kuchanika, na kuna siku za kungoja.

Kenya imekwisha kulionja jambo hili. Reli yao ya Mombasa hadi Nairobi ilianza kubeba abiria mwaka 2017, na waagizaji wa bidhaa wakalalamika kuwa nauli nafuu ya treni inamezwa na gharama ya kuutoa mzigo stesheni hadi ghalani. Serikali ilipoelekeza makontena yapande reli kwa lazima, ugomvi na wenye malori ukawa mkubwa.

Tanzania ina kumbukumbu zake pia. Biashara ya pamba iliporuhusiwa kwa watu binafsi msimu wa 1994/95, wanunuzi walikimbilia malori kwa sababu mabehewa yalikuwa ya kubahatisha. Mvua za El Nino za 1997/98 ziliharibu njia ya reli. Reli ilikodishwa kwa kampuni ya RITES ya India mwaka 2007, mafuriko ya Kilosa yakaikata tena mwishoni mwa 2009, na mkataba huo ukavunjwa. Mfanyabiashara aliyepitia hayo yote hapeleki marobota yake stesheni kwa sababu ya mwendo wa kilometa 120 kwa saa. Atataka ratiba. Pamba iliyouzwa kwa mkataba wa meli ina tarehe yake, na meli haingoji.

Wafugaji nao wana lao. Reli ya zamani ng'ombe waliivuka popote. Hii ya umeme ina uzio, na mifugo italazimika kufuata vivuko vilivyotengwa. Kwa jamii ya Kisukuma inayohamisha makundi kutafuta maji wakati wa kiangazi, umbali wa kivuko kimoja hadi kingine ni suala la uchumi, si la usumbufu tu.

Kinachoweza kuibadili hesabu ya Bariadi kwa gharama ndogo kuliko tawi la reli ni ghala kubwa la marobota na yadi ya makontena Malampaka, pamoja na lami inayofika hadi mlangoni kwake kutoka Maswa. Mzigo wa kurudi nao haukosekani: mbolea, viuadudu, saruji, mabati na mafuta ya dizeli vyote vinatoka upande wa Dar es Salaam. Behewa linalokwenda na marobota na kurudi na saruji lina faida pande zote mbili. Linalorudi tupu, gharama yake itatafutwa kwenye bei ya mkulima, na huko Simiyu mkulima ndiye wa kwanza kukatwa.